Wabebaji Wanne wa Mteremkoni

Mama mmoja alikuwa na mkamwana mjamzito, na kati ya mlango wao na barabara ya lami palikuwa na mteremko. Mama huyo aliitwa Nakijwa. Mkamwana, mke wa mwanawe, aliitwa Namsifu. Mtaa wao uliitwa Mteremkoni, katika mji ambao sitautaja, maana nikiutaja mtasema hayo ni ya kwao, si ya kwetu.

Watu wa Mteremkoni walitoka milimani, Upare, wakaja mjini kutafuta kazi, wakajenga pale ambapo hapakutakiwa na mtu. Nyumba zilisongamana bondeni, zikaacha kichochoro kimoja kinachopanda hadi barabarani. Gari haliingii, hata bajaji haiingii. Mvua ikinyesha, maji machafu ya mtaa mzima yalipita humo humo wanamopita watu. Mgonjwa alibebwa juu ya kitanda cha kamba, watu wanne, begani. Mwaka uliotangulia Namsifu alibebwa hivyo akiwa na uchungu. Katikati ya mteremko wabebaji walichoka, wakataka kubadilishana na wengine, na katika kubadilishana huko mmoja akateleza. Kitanda kikapinduka. Namsifu alipona, mtoto hakupona. Sasa Namsifu alikuwa na mimba nyingine, ya miezi saba, na Nakijwa akaapa mbele ya majirani kwamba huyu wa pili hatafia kwenye tope. Alitaka barabara, na aliitaka kabla mimba haijafika mwezi wa tisa.

Msidhani watu hawa walikaa wakingoja kufanyiwa. La hasha! Walikaa wakakubaliana kwamba kila nyumba iliyopakana na kichochoro irudi nyuma hatua mbili. Mzee Mbonea, ambaye jiko lake lilisimama palepale pa kupita, alilibomoa kwa mkono wake mwenyewe, mkewe akapika nje wiki tatu huku akimnunia. Kazi ya kuchimba wangeifanya kwa msaragambo, desturi yao ya tangu milimani: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Walichokosa ni makalavati ya kupitishia maji, mtaalamu wa kuwaonyesha mwinamo, na ruhusa. Hivyo vyote vilikuwa halmashauri.

Basi wakaenda halmashauri, na hapo ndipo walipokosea kosa ambalo wao tu wangeweza kulikosea. Kwao mtu anayekubali kazi huja na jembe lake. Ukija mikono mitupu, umekuja kusengenya. Kwa hiyo walikwenda watu sitini, asubuhi, kila mmoja na jembe begani, ili wakubwa waone kwamba wako tayari. Mlinzi alipowaona alifunga geti, akapuliza filimbi. Makarani walichungulia madirishani. Jambo likaisha kwa amani, lakini mtu mmoja ndani akafungua faili jipya, akaandika juu yake: mtaa wenye vurugu. Mnaona, ndugu zangu? Walibeba ahadi yao begani, na ofisi ikaisoma kama vita.

Tangu siku hiyo Nakijwa alikwenda peke yake. Alikuta milango mitatu katika ukumbi mmoja. Mlango wa kwanza alikaa Bwana Mndolwa wa Ardhi. Mlango wa pili alikaa Bi Kalunde wa Maji. Wa tatu ni Bwana Matiko wa Ujenzi. Hawakuwa watu wabaya, na ninawaomba msiwafanye wabaya mtakapokwenda kuisimulia habari hii kwenu. Hakuna aliyemwomba chai. Walimpa kiti, walimwita mama. Ila Ardhi alisema, siwezi kupima njia mpaka Maji aseme mfereji utapita wapi. Maji alisema, siwezi kuchora mfereji mpaka Ujenzi aseme barabara itakuwa na upana gani. Ujenzi alisema, mama yangu, nitajuaje upana kabla Ardhi hajapima? Kila mmoja alisema kweli. Kila mmoja alikuwa na kanuni yake, na kanuni yake ilikuwa na maana. Na fomu yenyewe ilikuwa na nafasi ya muombaji mmoja tu: mkandarasi aliyesajiliwa, au mwenye hati ya kiwanja. Mtaa mzima unaotaka kuchimba wenyewe haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Nakijwa alizunguka ukumbi ule wiki tano. Mimba ikaingia mwezi wa nane, na siku moja akiwa nyumbani akatandaza barua tatu za majibu alizopewa, moja kwa kila mlango, juu ya mkeka, moja kando ya nyingine, akazisoma kwa zamu. Akaona zinafuatana kama watoto wanaocheza duara. Hakukasirika. Mimi ningekasirika, nasema kweli, ningezichana! Yeye alizikunja, akazifunga kwenye upindo wa khanga, akarudi halmashauri. Akamwambia Bwana Mndolwa, baba, Jumamosi wenzako wanakuja Mteremkoni kuona kichochoro, nawe tunakusubiri. Mndolwa akasema, kama wao wanakuja, mimi nani nisije? Akaenda mlango wa pili, akasema hayo hayo. Akaenda wa tatu. Sasa mtaniuliza kama mama huyu alisema uongo. Alipomwambia wa kwanza haikuwa kweli, na Jumamosi ilipofika ilikuwa kweli. Niacheni hapo.

Jumamosi wakaja wote watatu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, wakashuka kichochoro wameshika kuta, kila mmoja na faili lake. Walisalimiana kama watu wanaofahamiana kwa sura. Fikirini, miaka sita ukumbi mmoja! Nakijwa akawapa viti mlangoni pake, akawapa uji wa moto. Hawajaumaliza, ndani kukasikika Namsifu akimwita mama mkwe kwa sauti ambayo kila mwanamke aliyezaa anaijua. Uchungu ulikuwa umemshika, na siku zake bado. Damu ilikuwa inatoka.

Kule Mteremkoni kuna sheria juu ya mgonjwa. Pembe ikilia, wanne walio karibu na mlango ndio wanaobeba. Hachaguliwi mtu kwa nguvu wala kwa cheo, maana ukianza kuchagua, utachagua mpaka mgonjwa afe. Na tangu ajali ya mwaka jana waliongeza sheria ya pili: begani hakubadilishwi, na hakutuliwi njiani. Aliyebeba bondeni atafika naye barabarani. Pembe ikalia. Wanaume wa mtaa wakatoka majumbani mbio, wakafika mlangoni pa Nakijwa, wakasimama. Walio karibu na mlango walikuwa Nakijwa mwenyewe, na wageni watatu wenye vikombe vya uji mkononi.

Mzee Mbonea akataka kuwasogeza, akisema jamani hawa ni wageni, ni watu wa ofisi. Namsifu alikuwa ameshalazwa juu ya kitanda cha kamba pale mlangoni. Nakijwa alishika mguu mmoja wa kitanda, akawatazama wageni. Bi Kalunde ndiye aliyeweka kikombe chini kwanza, akavua viatu. Mndolwa akaweka faili lake juu ya kiti. Matiko, mtu mrefu, akakunja suruali. Wakainua. Wanaume wa mtaa wakatangulia kuwafagilia tope, wengine wakafuata nyuma wakiwa tayari kuwashika kiuno.

Nitawaambia nini juu ya safari ile? Ilikuwa hatua mia mbili na kidogo. Bi Kalunde alikanyaga maji machafu kila hatua, akayahisi yanakotoka na yanakotaka kwenda, akasema kwa pumzi ndogo, haya maji yapite kushoto, kulia yatabomoa nyumba. Matiko aliyekuwa pembeni yake akasikia. Ndipo alipojua pa kuweka barabara, kwa neno moja, jambo ambalo barua za wiki tano hazikumpa. Mndolwa alichubuka kiwiko kwenye ukuta ambao kwenye ramani yake haupo, na palipokuwa na jiko la Mzee Mbonea akapita bila kuchubuka, akauliza mbona hapa papana. Akaambiwa mwenye nyumba amebomoa jiko lake kupaacha. Akauliza, amelipwa na nani? Hakuna, wakamwambia. Mndolwa akaendelea kupanda. Juu ya kitanda Namsifu aliuma khanga asipige kelele, wasije wakashtuka wakamwangusha.

Wakafika juu. Gari la hospitali, lililoitwa kwa simu pembe ilipolia, lilikuwa linangoja kando ya lami. Ilibaki kumshusha tu, na hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na hatari. Wote wanne walikuwa wamechoka, na kila mmoja aliogopa kuinama kabla ya mwenzake, asije akaangukiwa na uzito wote. Mndolwa akahema, Bi Kalunde, anza wewe kushusha. Bi Kalunde akajibu, aanze Matiko, yeye mrefu. Matiko akasema, mimi nitaanza Mndolwa akishaanza. Kitanda kikayumba juu ya mabega yao. Namsifu akashika mbao kwa mikono miwili. Nakijwa, kwenye pembe yake ya nne, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka bondeni:

"Wanangu, akianza mmoja, mtoto ananifia tena. Shusheni pamoja."

Wakashusha pamoja. Taratibu, watu wanne kwa mara moja, mpaka kitanda kikagusa lami, na hakuna kilichoyumba. Wauguzi wakampokea Namsifu, Nakijwa akapanda naye, gari likaondoka. Wale watatu wakabaki wamesimama barabarani, wametapakaa tope, bila faili hata moja. Kisha Matiko akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na Bi Kalunde akafuta machozi kwa mkono wenye tope, na hakuna aliyejua kama ni ya kicheko.

Namsifu alijifungua siku ile saa nane mchana, mtoto wa kike, mdogo kama mkate, lakini analia. Daktari alisema wangechelewa nusu saa angewapoteza wote wawili.

Jumatatu wale watatu walitoa meza ukumbini, kwa sababu hakuna chumba kati ya vyumba vyao kilichowatosha wote. Wakatandaza karatasi moja. Mkubwa wao akatoka akauliza, hii ni kwa kanuni ipi? Mndolwa, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kumjibu mkubwa, akamwambia: mzee, nimezisoma zote usiku wa jana, hakuna inayokataza. Mkubwa akaitazama ile karatasi. Kisha, na hili pia lihesabuni kwa heshima yake, akavuta kiti akakaa nao. Ardhi, Maji na Ujenzi wakagonga mihuri kwa pamoja, na chini ya mihuri mitatu Bi Kalunde akachora kwa kalamu kisanduku cha nne, akaandika: wenye mtaa. Nakijwa akaitwa atie sahihi. Akakataa kutia peke yake. Akasema kwao neno la kazi halishikwi na mtu mmoja. Basi wakaigeuza karatasi, na nyuma yake zikaandikwa nyumba arobaini na tatu, nyingine kwa sahihi, nyingine kwa dole gumba.

Barabara ilichimbwa miezi miwili. Halmashauri ilileta makalavati na kokoto, na Matiko alikuja kila Jumamosi kuonyesha mwinamo, mwisho akapewa jembe lake mwenyewe, akaona fahari kuliko alipopewa cheo. Maji yalipita kushoto. Faili la mtaa wenye vurugu bado lipo, nasikia, lakini mtu amekata maneno yale kwa mstari mmoja, na juu yake hakuandika kitu. Tangu hapo mitaa mingine miwili imekaa kwenye meza ile ya ukumbini. Hakuna aliyeirudisha chumbani.

Namsifia sana mama yule, maana alikuwa na haki ya kuwachukia wale watu na badala yake akawapa pembe tatu za kitanda. Na wale watatu nawasifia pia, tena kwa moyo wote. Ni kazi kubwa kwa mtu mwenye muhuri kuinama sawasawa na asiye nao. Wengi wetu tuliomo humu tuna mlango wetu, tuna kanuni yetu, na kanuni yetu ina maana. Basi wewe unayesema utaanza mwenzako akishaanza, umewahi kutoka ukamuuliza yeye anasemaje?