Mlango wa Nyuma wa Bwalo

Mshika funguo hatumwi kupokea mgeni. Mmemsikia shangazi yenu akiisema leo kwenye kikao cha harusi, mlipotaka dereva pekee wa gari la dharura akagawe soda, nanyi mkacheka. Haya, chekeni mmalize. Mkishamaliza mnisikilize, maana methali hii haikuanzia kwenye pilau. Ilianza hivi.

Kulikuwa na shule moja ya bweni huku Upareni, na Mwalimu Sefania ndiye aliyekabidhiwa kuandaa kongamano la wanafunzi wa shule sita. Alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie, ila alipenda sifa, na shule ile ilikuwa haijawahi kupata mgeni rasmi mkubwa kama wa mwaka ule. Alipanga viti bwaloni, akapima nafasi kwa hatua zake mwenyewe, akatundika vitambaa vya rangi juu ya mlango wa mbele. Kisha akaandika orodha ya nani atasimama wapi. Kila alipoirudia, alikosa mtu mmoja wa kukaa getini.

Jicho lake likatua kwa Mzee Mbonea, mlinzi. Mzee huyu alikuwa na desturi yake: siku yoyote ya mkusanyiko bwaloni alikaa nje ya mlango wa nyuma, juu ya kigoda, ufunguo umefungwa kwa kamba mkandani, tangu mwanzo hadi mtu wa mwisho atoke. Mlango ule ulitiwa kufuli ili wanafunzi wasitoroke kupitia jikoni, na madirisha yote yalikuwa na nondo. Miaka kumi na mmoja alikaa hapo na hakuna kilichotokea. Mwalimu Sefania aliona huyo ni mtu mzima anayekaa bure. Tena Mbonea alikuwa mrefu, aliwahi kuwa mgambo, na saluti yake ilipendeza.

Akamwita, akamwambia kesho yake asimame getini ampokee mgeni.

"Na mlango wa nyuma atakaa nani?" mzee akauliza.

"Mlango una kufuli, mzee wangu. Kufuli inatosha."

"Kufuli haisikii mtu akigonga, Mwalimu."

Mwalimu akacheka, akampigapiga begani. Mzee akaomba basi ufunguo aachiwe mtu. Mwalimu akakataa, kwa kuwa mwaka uliotangulia ufunguo huo ulipita mkono hadi mkono mpaka ukapotea siku tatu. Akamwambia akae nao mwenyewe. Kwa ndani, karibu na mlango uleule, akampanga Namkunda, msichana wa kidato cha tatu, awaonyeshe wenzake viti vya nyuma.

Siku yenyewe mgeni akachelewa. Mwalimu akamwagiza Mzee Mbonea ashuke hadi barabara kuu akamngojee huko, mwendo wa robo saa. Bwalo lilikuwa limejaa, watoto wanaimba kusogeza muda. Waya wa vipaza sauti ulikuwa umepitishwa katikati ya vile vitambaa, ukatoa cheche. Vitambaa vikashika, na mlango wa mbele ukawa moto mtupu. Watoto wote wakageukia nyuma.

Mwalimu Sefania alikuwa nje akitazama njia. Alizunguka mbio hadi mlango wa nyuma, akakuta kigoda kitupu. Mlango ulikuwa unatikisika kwa viganja. Akaipiga kufuli kwa jiwe. Jiwe likapasuka, kufuli ikabaki. Hapo akasikia sauti, chini karibu na kitasa.

"Mwalimu, ni mimi Namkunda. Tufungulie, tunabanwa."

"Subiri, mwanangu. Ufunguo unakuja."

Ufunguo ulikuwa barabarani, umesimama wima unamngoja mgeni.

Mzee Mbonea alipouona moshi alipanda kile kilima kwa mbio ambazo umri wake haukuziruhusu. Alipofungua, watoto walimwagika nje wakikohoa. Namkunda ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, kwa hiyo ndiye aliyekandamizwa na wote. Yeye na wenzake wawili hawakuamka. Mwalimu alimbeba mwenyewe hadi kwenye nyasi, akaona viganja vyake vilivyochubuka kwa kugonga.

Mgeni rasmi alifika akakuta kilio. Hakuna aliyempigia saluti.

Mzee Mbonea hakumlaumu Mwalimu hata siku moja, na hilo ndilo lililomtafuna mwenzake zaidi. Angetukanwa, angalau angepata cha kujibu. Mwaka uliofuata wakakaa kupanga mahafali, na mwalimu mmoja kijana, mgeni shuleni, akasoma orodha yake: Mzee Mbonea, getini. Mwalimu Sefania hakuwa amefungua mdomo kikaoni tangu msiba. Siku hiyo alisimama.

"Mfute hapo," akasema. "Getini nitasimama mimi, au pasisimame mtu, mgeni aingie mwenyewe. Mshika funguo hatumwi kupokea mgeni."

Yule kijana akatazama huku na huku, akaona wenzake wameinamisha vichwa, akafuta.

Nanyi kesho kapangeni upya. Soda atagawa yeyote mwenye mikono miwili. Dereva akae kwenye gari lake, hata kama atasinzia humo hadi harusi iishe, kwani mshika funguo hatumwi kupokea mgeni.