Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na robo alasiri, wapendwa, mama mkwe alipofungua kibuyu na kuita kwa sauti ya chini, "Mke wa mwanangu, njoo unuse."

Mke huyo, ambaye ndiye mfugaji wa nyumba ile, akainama. Maziwa ya ng'ombe yaliyokaa humo tangu Jumatano yalinukia kama yametoka kiweleni sasa hivi. Hayakuwa hata na utando. Yalitulia meupe mle ndani, kama jicho lisilopepesa.

"Hii ni baraka," mama mkwe akasema. "Kibuyu cha bibi yangu hakijawahi kufanya hivi. Wifi yako ataonja wa kwanza."

Desturi yao ndiyo hiyo: binti aliyejifungua akirudi kwao kumwonyesha mtoto, hulakiwa kwa kibuyu. Jirani mmoja alikuwa ameshapiga magoti mbele ya maziwa yale, anasali.

Mfugaji akakitazama kibuyu tena. Alikumbuka sindano. Ng'ombe na mbuzi wake waliugua kiwele pamoja, wakachomwa dawa ile ile. Daktari wa mifugo alimwonya: "Mama, dawa hii hutolewa na figo, ikatoka na mkojo. Figo za mbuzi wako zitawahi. Za ng'ombe zitachelewa, tena amedhoofika. Isiyotoka imo kwenye damu, na maziwa hutoka kwenye damu hiyo hiyo. Usimpime huyu kwa yule."

Naye alimpima. Maziwa ya mbuzi yalipoganda vizuri, akasema moyoni, basi na ng'ombe tayari.

Maziwa hugandishwa na vijidudu hai. Ndani ya kibuyu kile kulikuwa na kitu kilichovinyamazisha vyote, na bado kilikuwa kimekaa, kinangoja mnywaji. Na wifi? Dawa ya jamii hiyo iliwahi kumvimbisha koo, nusura afe.

"Mama, usimpe."

"Unaikataa baraka kwa sababu hukuiomba wewe?"

"Ni sindano ya ng'ombe, mama. Bado imo."

Vigelegele vikasikika njiani. Mfugaji akakinyakua kibuyu, akakipindua chini. Wifi akaingia na mtoto mgongoni, akakuta ardhi imelowa na watu wote wamenuna.

"Kumbe hivi ndivyo mnavyonipokea?" akauliza.

Sasa sisi tujiulize. Mjane wetu aliyesimama kwenye kwaya Jumapili baada ya mazishi, akitabasamu, hatukusema ni baraka? Hatukumpa zamu ya kuwafariji wafiwa wengine, kwa kuwa mwenzake aliyefiwa mwaka ule ule alishapata nafuu? Tabasamu lile halikubadilika wiki hadi wiki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Tulikunywa tu. Nani kati yetu alimuuliza kama uchungu umeshamtoka damuni?

Na mfugaji yule? Asubuhi iliyofuata alimkamua ng'ombe taratibu, akayamwaga maziwa yote shimoni. Kisha akateka ndoo ya maji, akaiweka mbele ya ng'ombe, akakaa naye mpaka mnyama akanywa.