Donge la Hondohondo

Nawaita!

(Twaitika!)

Nitoe ya moyoni?

(Itoe, na uchungu wake!)

Kabla sijaitoa, niungame. Zamani, nikiwa mke mgeni, kijana alibisha hodi kwangu akimwulizia baba yake. Baba mtu, mume wangu, alikuwa ndani, anakula. Nikaitazama pua ya yule kijana, nikajua. Nikamjibu, "Hayupo." Mungu alinisikia. Sasa sikilizeni.

Hapo kale, kale sana, alikuwepo ndege hondohondo. Desturi yao ni hii: jike akitaka kutaga huingia tundu la mti, mlango ukakandikwa udongo, ukabaki ufa tu. Humo ndani manyoya humpukutika, hawezi kuruka. Mume ndiye humletea makuyu, akampitishia ufani.

Hondohondo huyu alimfungia mkewe. Kinda alipotoka yaini, baba akaleta makuyu siku ya kwanza. Akaleta siku ya pili. Siku ya tatu hakurudi. Alikwenda mti mwingine, kwa mke mwingine.

Mama akaita, akaita, akaita. Kila kilichobaki akampa mwanawe. Kima alipokuja kuubomoa ule udongo, mama amekwisha kufa, kinda ana roho kidogo tu.

Kima akamlea. Alipokua akataka kuoa. Kima akamwambia, "Mwanangu, chakula nimekupa, matusi nimekufundisha. Udongo sina. Donge la kwanza la mlango, baba humtia mwanawe mdomoni. Bila hilo, hakuna jike atakayeingia tundu lako. Nenda kwa baba yako."

Akaenda. Akamkuta baba yake ana kuyu mdomoni.

"Shikamoo baba. Sitaki kitu, nataka donge la udongo tu."

Mke akauliza kutoka ndani, "Baba watoto, unaongea na nani?"

"Mpita njia, mama. Anaulizia mto."

Kijana akarudi. Mara ya pili akaenda, baba akamfukuza kwa mabawa. Makinda wakachungulia ufani. "Mama, mpita njia ana mdomo kama wa baba!"

"Midomo hufanana," akasema mama yao. "Kuleni."

Mara ya tatu akaenda, baba hayupo. Siku tatu hajaonekana. Ndani njaa.

"Mpita njia," mke akaita, "hata kuyu moja!"

"Mpita njia hana makuyu, mama. Nakuuliza: mimi ni nani?"

Mke akasema, "Mtoto wa mume wangu. Nilijua tangu siku ile ya mdomo."

"Ulijua, ukasema kuleni! Mama yangu naye aliita. Aliita mpaka akafa."

Akaruka, akaenda zake. Nyuma makinda wakalia. Kilio kile alikijua, kilikuwa chake mwenyewe. Akageuka na makuyu mdomoni. Akawalisha leo, akawalisha kesho, akawalisha mpaka mama yao akaanza kuota manyoya. Lakini neno hakuwaambia hata moja.

Siku moja baba akatokea, mdomo una udongo mbichi wa mti wa tatu.

"Mwanangu!" akasema. "Kumbe umenitunzia nyumba! Haya, pokea donge lako."

Mke akauliza kutoka ndani, "Ni nani huyo?"

Kijana akamtazama baba yake, akautazama ule udongo aliokuwa akiulilia. Akajibu, "Mpita njia, mama. Anaulizia mto."

Baba akaenda, hakuna aliyemwita. Lakini kijana naye hakupata donge. Mpaka leo analala tawini peke yake, hana tundu wala mke.

Funzo ni hili: ukimkana mtoto, unamfundisha kukana. Na aliyejua akanyamaza, naye amekana.

Ngano yangu imetua. Tamu yake mbebe, chungu yake niachieni.

Ila nawaomba jambo moja. Kijana wangu yule aliyebisha hodi anaitwa Mhina, ana pua ya baba yake. Nasikia anatengeneza baiskeli upande wa Korogwe. Mkimwona, mwambieni baba yake amefariki, na mimi nipo. Aje, nitafungua mwenyewe.