Tufaha Aliyemwaga Hina

Kaeni, na wa kusinzia asinzie sasa. Alikuwako Sultani Mwinyi Haji wa mji wa Shangamwe, mji wa majumba ya mawe na milango ya njumu, na mwanawe Khalfani, na huyo Khalfani alikuwa amewekewa binti ami yake, Tufaha binti Athumani, tangu wote wawili wanatambaa. Khalfani akaenda akampenda Mwanasiti, binti wa msuka mikeka, mzuri, mpole, ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Ahadi ya Tufaha ikavunjwa.

Kina Mwanasiti wakisimulia huanzia hapo, kwamba Tufaha alishikwa na wivu. Mimi naanzia kwenye bakuli la hina.

Alhamisi ya kumtia bibi harusi hina, aliyeikanda ni Tufaha mwenyewe, maana hapakuwa na wa kumshinda kwa hina, na hakutaka watu waseme amenuna. Mwanasiti alivaa pete ya akiki, tunu ya tajiri asiyejulikana, imemganda kidoleni. Tufaha alipomshika mkono, pete ikamnong'oneza yeye peke yake:

"Mimi ni jini. Hina ikishika mkono huu, bibi harusi ni wangu. Ukimwambia mtu kabla ya magharibi ya kesho, ni wangu vilevile. Saa hiyo ikipita bila hina, nimeshindwa, na nitamtumikia aliyenishinda."

Majini ndivyo walivyo, sharti lao hawalifichi.

Basi Tufaha akalinyanyua bakuli akaimwaga hina uani, mbele ya wanawake wa mji mzima, akasema huyu hatiwi hina leo. Ikakandwa nyingine, akaimwaga. Ya tatu akaitia majivu, na hina ikaisha Shangamwe nzima.

Ijumaa alasiri akasimamishwa mbele ya Sultani, Mwanasiti akiwapo, na watu wakataka anyolewe nywele afukuzwe mjini. Kungwi wa bibi harusi akamwambia, "Mwanangu, mume hagombewi kwa majivu," na baraza zima likacheka. Khalfani akasema anaona haya kuwa damu moja naye. Kadhi Shee tu, aliyefiwa na mkewe, ndiye aliyesema Tufaha mwenyewe hajasikilizwa. Tufaha akawa anatazama jua linavyoshuka.

Adhana ya magharibi ilipokwisha akafumbua kinywa. "Mwanasiti, mdogo wangu, vua pete."

Ikatoka yenyewe, na jini akapanda kama moshi wa ubani hadi darini, kisha akapiga magoti mbele ya Tufaha na kusema yote. Mwanasiti akamwangukia Tufaha shingoni akilia.

Sultani akasema, "Binti wa ndugu yangu, sisi tulidhani ni wivu."

"Wivu ninao, ami. Nilikuwa nao jana, na leo ninao. Lakini sikuupa mikono yangu."

Sultani akataka kumrudishia Khalfani, awe mke mwenza. Tufaha akakataa, akasema mume wa kumwamini kila mtu ila yeye hamfai. Akaolewa na Kadhi Shee, na jini akawajengea nyumba ya ghorofa saba na kuijaza hariri na dhahabu, na wakazaa, na waliozaliwa wakazaa.

Nanyi mkihadithiwa mwanamke mbaya, ulizeni kwanza msimulizi ni jamaa ya nani. Nami niulizeni. Mimi ni wa Tufaha, wala sifichi.