Kikohozi na Ufunguo wa Gari Jipya

Hapo zamani, tena zamani za karibu, magari yalikuwa yamekwisha kujifunza kupanda milima, ila mengine yalikuwa bado hayajajifunza kushuka. Sogeeni! Na wewe wa nyuma, acha kutafuna, hadithi hii inataka masikio.

Huko Kwevumo, juu mlimani, aliishi mjane mmoja, Bi Mwantumu, mkulima wa kabichi. Kabichi zake zilishuka sokoni kwa gari moja kuukuu lililoitwa Kikohozi, maana kila asubuhi lilikohoa mpaka majirani wakaamka. Mwanawe Mbelwa alikuwa dereva. Binti yake Zuhra alikuwa utingo: alining'inia ubavuni na gogo mkononi, gari likisimama anaruka, anasukumiza gogo chini ya gurudumu.

Siku moja tajiri wa yadi ya magari kule bondeni akatangaza: "Leteni gari kuukuu, niwape la afadhali! Nyongeza nitapokea hata mazao! Ila liingie getini kwa nguvu zake, si kwa kusukumwa. Na cheti chake cha ukaguzi kiwe hai. Likikosa hayo, hilo kwangu ni chuma chakavu."

Lahaula! Cheti cha Kikohozi kilikuwa kinakufa siku ileile, jua likizama. Na cha pili kisingepatikana, maana hakuna mkaguzi ambaye angelitazama gari lile mara mbili. Wakichelewa, Bi Mwantumu hana gari. Hana gari, hana soko. Kabichi zitaozea shambani, na yeye hana shamba jingine wala mume wa kumsaidia.

Bi Mwantumu akakifunga cheti kwenye pindo la kanga, akasimama mbele ya watu, akaapa: "Yule ambaye bila yeye badilisho hili lisingekuwa, ndiye atakayeshika ufunguo wa gari jipya. Gari ni langu, usukani ni wake!"

Mbelwa akasema, "Ufunguo ni wangu, mama, wewe omba dua tu."

Zuhra akasema, "Tutaona, kaka."

Na juu ya kabichi zilizopakiwa za nyongeza sauti ya tatu ikasema, "Tutaona, watani!" Alikuwa Kilindo, mtani wa ukoo ule, mtu wa kucheka matangani na kulia harusini. Nani alimpakia? Hakuna. Mtani hapakiwi, mtani hujipakia.

Haya, twende! Kikohozi likakohoa, likawaka, likaanza kushuka. Kona! Mbelwa kwa gia ya kwanza, injini inaguna. Kona! Mbelwa akakanyaga breki, breki ikaenda hadi sakafuni, tupu kabisa! Mbele yao lori la mbao limesimama katikati ya njia. Bi Mwantumu akafumba macho, anasoma kila dua aliyofundishwa. Mbelwa hakupiga kelele. Aliliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo wa mlima, likajikwaruza, krrrr, likapungua mwendo. Zuhra akaruka na gogo lake. Likasimama! Kati yao na lori pasingepita kuku.

Lori likasogea kando, wakaendelea kwa gia na gogo, kona kwa kona, mpaka kwenye daraja la chini, na hapo Kikohozi likazima. Mbele yao kilima cha mwisho, na nyuma ya kilima, mji. Wakasukuma, wapi! Jua nalo halikuwa na simile.

Kilindo akashuka. Akavua shuka yake, akalifunika gari usoni, akajitupa chini, akaangua kilio: "Jamani weee! Ametutoka! Aliyetulisha ametutoka!"

Watu wakatoka mashambani mbio, majembe mkononi, akina mama kanga vichwani. "Nani? Nani amekufa?"

"Kikohozi!"

Mzee mmoja akainua bakora. "Mpumbavu wewe! Nimeacha maji ya mfereji yanamwagika!"

"Nipige, mtani, lakini kwanza tumzike. Makaburi yako juu ya kilima. Maiti habebwi na wawili!"

Bakora ikashuka. Utacheka au utakasirika? Wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakalisukuma Kikohozi kwa mabega, wanaimba, hadi kileleni. Likateremka upande wa pili, Mbelwa akaingiza gia, likashtuka, kho! kho! kho! likawaka! Kijiji kizima kikapiga vigelegele kwa ufufuo wa bati!

Jua limeketi juu ya mapaa, Kikohozi likaingia getini kwa nguvu zake, Zuhra akatupa gogo, likasimama. Tajiri akasoma cheti, akacheka. "Kiko hai kwa ncha ya ukucha. Breki je?"

"Zipo," akasema Mbelwa.

Tajiri akapanda, alishushe mwenyewe kwenye mteremko wa nyuma ya yadi. Mkono kwenye ufunguo!

"Usiwashe!" Zuhra akapaza sauti. "Hakuna breki. Breki ni mimi na gogo hili."

Bi Mwantumu aliona kabichi zake zinaoza palepale.

Tajiri akashuka taratibu. "Kwa uongo wa huyu nilikuwa na haki ya kuwafukuza," akasema. "Lakini masharti yangu mliyatimiza, na binti huyu amenirudisha kwa watoto wangu. Badilisho limepita." Akamkabidhi Bi Mwantumu ufunguo mpya, unang'aa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza!

Mbelwa akasema, "Bila mimi mngekuwa chini ya lori. Nani aliwashusha salama?"

Zuhra akasema, "Nani alitupakia kwenye gari lisilo na breki? Bila mimi tajiri angekufa, na sisi sote tungekuwa na damu mikononi."

Mbelwa akasema, "Ulijua tangu mlimani! Mbona ukweli wako ulingoja hadi getini?"

Kilindo akasema, "Semeni, semeni. Bila kilio changu cheti kingezikwa darajani, ushujaa na ukweli wenu pia."

Zuhra akasema, "Kilio cha uongo!"

"Cha utani," akasema Kilindo. "Na walisukuma wakijua."

Bi Mwantumu akawatazama mmoja mmoja. Aliwapenda, na kiapo alikuwa amekiapa mbele ya watu. Akanyoosha mkono wenye ufunguo, na viganja vitatu vikafunguka mbele yake.

Haya, nyinyi mliokaa kimya muda wote huu: ufunguo uangukie kiganja cha nani?