Ukoko wa Bi Mwanjaa

Sogeeni karibu. Aliyeshiba asikilize, mwenye njaa avumilie, maana hadithi yenyewe ni ya chakula, na mwisho wake nitawatwika mzigo ambao mimi umenishinda.

Mtaani kwetu Kichangani walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Tausi, fundi simu wa Barabara ya Nane, alikuwa na macho. Kitu akikiona mara moja, hata kiwe kifungo cha shati la mpita njia, hakimtoki tena kichwani.

Shemboza, dereva wa bajaji, alikuwa na mikono. Ungeweza kupanda bajaji yake na kikombe cha chai kilichojaa pomoni, ukapita mashimo yote ya mji huu, ukashuka hujalowa.

Mzee Mhina, karani mstaafu, alikuwa na subira ya karatasi. Tangazo lolote alilisoma mpaka neno la mwisho, hata lile lililofungiwa karanga. Watu walimkwepa kwa hilo, kwani akikukamata anakusomea.

Na mimi? Mimi nilipika melini miaka ishirini na miwili. Nimesifiwa mara moja tu, na aliyenisifu alikuwa na mafua.

Sote wanne tulikuwa wateja wa Bi Mwanjaa. Kibanda chake kilikuwa na mabenchi mawili, na chakula chake kilikuwa kimoja: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimekula wali bandari nyingi za dunia. Huko wanapika kwa umeme, na sufuria zao hazishiki chini. Wali unatoka mweupe, safi, hauna kosa. Nami nilikuwa nalala na njaa, kwa sababu nilichokuwa nakitaka ni kile kilichobaki chini ya sufuria ya Bi Mwanjaa.

Ukoko wake haukuuzwa. Kila siku aliubandua mzima na kumpa mtu mmoja, kwa sababu zake mwenyewe. Ukimwomba, hupati. Ukimsifu, hupati wiki nzima. Na hakuukata hata siku moja. "Nikiugawa ni makombo," alisema, "na makombo nina kuku wa kuwapa." Aliyepewa hakuulizwa kitu. Alikula polepole, sisi tukamtazama, na tukajua kwamba leo Bi Mwanjaa amemwona.

Miaka miwili iliyopita barabara ikapanuliwa, vibanda vikavunjwa. Siku ile wali ulikuwa umeshaliwa, Bi Mwanjaa yuko na mwiko mkononi, anabandua. Watu wakakimbilia mabenchi, sufuria ikapigwa kumbo, ukoko ukaanguka mchangani. Aliuokota, akaupangusa kwa kanga yake, akaondoka nao. Hakusema ulikuwa wa nani.

Tausi aliamini ulikuwa wake, kwa sababu wiki ile alikuwa amemzika mama yake. Shemboza aliamini ulikuwa wake, kwa sababu alfajiri ile mkewe alikuwa amejifungua, baada ya miaka tisa ya kungoja. Mzee Mhina naye aliamini ulikuwa wake: ilikuwa siku yake ya kwanza ya kustaafu, na mchana kutwa hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina. Miaka miwili kila mmoja aliutamani ukoko ule kimyakimya.

Bi Mwanjaa alikwenda kuishi kwa binti yake, wapi hatukujua, na simu yake ikawa haipatikani. Sisi tukahamia kwa muuza chai mwingine. Mtu mzuri, chai nzuri, lakini tulikaa pale kama abiria waliokwisha achwa na gari.

Basi Ijumaa moja asubuhi Mzee Mhina akaja mbio, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Soko jipya limefunguliwa," akasema. "Waliovunjiwa wametengewa vizimba vya kuuzia. Kila mtu aende mwenyewe akaweke kidole kwenye mashine. Mwisho leo, saa sita mchana. Namba arobaini na moja, Mwanjaa binti Kombo, hajafika. Asipofika, kizimba anapewa mwingine."

"Saa ngapi sasa?" Shemboza akauliza.

"Saa tatu."

Tausi alikumbuka kitu alichokiona pichani. Alitoa simu. Katika kundi la wasapu la harusi ya binamu yake zilikuwamo picha mia tatu, nyingi za mabwana waliovaa miwani. Akazipitisha moja moja. Kwenye picha ya mwisho mwisho, nyuma ya bibi arusi, ilionekana mbuzi ya kukunia nazi, mguu wake mmoja umefungwa waya wa shaba.

"Hiyo ni mbuzi yake!" akasema.

"Mbuzi ni mbuzi, Tausi," nikamwambia.

"Waya ule nilimpa mimi, kaka. Ni waya wa chaja. Wewe endelea na chai yako."

Akampigia mpiga picha, mpiga picha akamtaja mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema ndiyo, yule mama aliyewaazima mbuzi anaishi Kwamkole, ng'ambo ya daraja, nyumba ya tatu kutoka kwenye kinu. Ilikuwa saa nne.

Shemboza alikuwa ameshawasha bajaji. Nikapanda naye, maana mtu wa meli hapendi kuachwa.

Bi Mwanjaa tulimkuta uani, amewapikia wajukuu. Alituona, akakohoa kile kikohozi chake kifupi cha kabla ya kukaribisha, kisha akatusikiliza mpaka mwisho.

"Siendi," akasema. "Wali haujakauka."

"Bibi, kizimba kinachukuliwa!"

"Na mimi nimeshapalia makaa. Tangu lini nikaacha sufuria motoni?"

Wajukuu wakasema wao watakula mihogo kwa jirani, lakini yeye akatikisa kichwa. Shemboza akamtazama, akaitazama sufuria, moto chini, makaa juu ya mfuniko. Akainyanyua pamoja na jiko lake, akaviweka ndani ya bajaji, miguuni pangu. "Panda, Bibi. Utakaukia njiani."

Jamani, nimevuka bahari zenye mawimbi kama nyumba, lakini sijaogopa kama nilivyoyaogopa makaa yale. Darajani palikuwa na foleni. Shemboza akashika njia ya kando ya reli. Tulipita mashimo, tuta na ng'ombe wawili. Halikudondoka kaa hata moja. Bi Mwanjaa alikuwa ananusa tu. "Punguza moto," akaniamuru, nami nikatoa kaa moja kwa koleo. Huo ndio mchango wangu mzima katika hadithi hii, msiuhesabu.

Tulifika ofisi ya masoko saa sita kasoro dakika ishirini. Binti wa mapokezi akamwekea mashine. Dole gumba, kimya. Kidole cha shahada, kimya. Vidole vyote kumi, mashine inawaka nyekundu.

"Mama, mashine inasema huna alama za vidole."

"Hivi unavyoviona ni nini? Ndizi?"

Vilikuwa laini kama kifuu kilichosuguliwa. Miaka arobaini ya kukamua tui la moto na kushika mifuniko kwa mkono mtupu.

"Basi siwezi kukusaidia, mama yangu," binti akasema, na ilimuuma kweli.

Bi Mwanjaa akaikunja mikono ndani ya kanga, akaanza kugeuka.

"Aya ya kumi na moja," ikasema sauti mlangoni. Mzee Mhina. "Ukurasa wa pili wa tangazo lenu."

"Tangazo lina ukurasa mmoja, mzee."

"Lina mbili. Mmelibandika, ukurasa wa pili unasomwa na ukuta. Nimelibandua leo asubuhi, nikausoma, nikalirudisha." Na aya ilisema: ambaye vidole vyake havisomeki, mtu anayemfahamu kwa miaka kumi ataandika kwa mkono wake namna anavyomtambua.

Mzee akaandika. Binti akaisoma karatasi kwa sauti, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyotaka: "Namtambua kwa kikohozi chake kabla ya kukaribisha. Namtambua kwa kuwa anashika mwiko kwa mkono wa kushoto. Namtambua kwa kuwa tangu alipoondoka, sijakaa mahali nikahisi nimefika."

Muhuri ukagonga saa sita kasoro dakika mbili.

Tulikula barazani mwa ofisi, Tausi naye amekuja na sahani, na binti wa mapokezi hatukumsahau. Wali ulipokwisha, Bi Mwanjaa akaingiza mwiko pembeni, akazungusha, akaubandua. Mzima, mwekundu wa kuiva, unalia kwa ukavu. Sote tukausogelea.

Wa kwanza kusema alikuwa Tausi. "Bila mimi mngemfuata wapi?"

"Na wewe ungemleta kwa simu?" Shemboza akamjibu. "Kwanza asingeacha sufuria, na huo ukoko wenyewe usingekuwapo!"

"Angeletwa," Mzee Mhina akasema taratibu, "akaambiwa hana vidole, akarudishwa."

"Bibi," Tausi akasema, sauti imeshuka, "ule wa siku ile ulikuwa wa nani?"

Bi Mwanjaa akawatazama mmoja mmoja, aliyefiwa, aliyepata mtoto, aliyesahauliwa.

"Siku ile nilijua," akasema. "Siwaambii, maana wawili watalala vibaya. Lakini leo sijui."

Kisha akaniwekea sahani mikononi. "Wewe uliyetembea dunia nzima, amua. Na usiukate."

Mimi! Mtu ambaye mate yalikuwa yameshanifika kidevuni. Wote watatu wananitazama, na hakuna hata mmoja anayenyoosha mkono.

Haya, ndugu zangu, sahani niliishika namna hii. Aliyemwona, aliyembeba, au aliyemtambua: wewe ungeiweka mbele ya nani? Sema upesi, ukoko haungoji, na watu hawa wameshangoja miaka miwili.