Kokoto Masikioni mwa Kenge

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakioa na kugombana na wakwe zao kama sisi, mto ulikauka, likabaki dimbwi moja tu. Humo aliishi Kiluwiluwi, mtoto wa chura, miguu bado hajaota, pamoja na wadogo zake. Maji yalizidi kupungua, na Kenge alikuja kila siku kuwala.

Asubuhi moja akaja tena. "Haya, leo nani anatangulia?"

 Papo hapo Kiluwiluwi akasikia kwa mbali: ngurrr! ngurrr! Mvua imenyesha milimani, mto unakuja! Lakini Kenge naye ana masikio. Akisikia tu, atawafagia wote kisha apande ukingoni.

"Shikamoo, Mjomba Kenge. Jana nilikuona unayumba."

"Niyumbe, mimi?"

"Si kosa lako, Mjomba. Masikio yako matupu! Sisi tuna vijiwe humu ndani, ndivyo vinavyotuambia juu ni wapi, chini ni wapi. Tazama!" Akapiga pindu, tena na tena, kisha akatulia sawasawa, tumbo chini, mgongo juu.

Kenge akaduwaa. Kweli jana alijikwaa mbele ya mkwewe, na aibu ilikuwa bado inamchoma.

"Vijiwe vyenyewe vikubwa kiasi gani?"

"Vyangu kama vumbi. Lakini mimi nani, Mjomba? Mtu mzito kama wewe..."

"Usinifundishe!" Kenge akaparura mchangani, akatupa kokoto ndogo, akachagua kubwa. Akasukumiza moja ndani ya sikio hili, kwi! Akasukumiza nyingine ndani ya lile, kwi! "Aaah! Sasa nimekamilika."

"Mjomba, unanisikia?"

Kimya.

"Mjomba, wewe ni mjinga!"

"Ahsante, mpwa wangu," akajibu Kenge, akitabasamu.

Wadogo mtu wakabana vicheko. Ndege wakaruka wakipiga mayowe, lakini Kenge alikuwa akitamba katikati ya dimbwi, kichwa kimelalia upande. Ngurrr ikawa ngurumo, na mto ukaingia, puuu! Ukambeba Kenge mkia mbele, kichwa nyuma, huku akilia, "Juu ni wapi? Jamani, juu ni wapi?"

Kiluwiluwi na wadogo zake waliinuliwa na maji mapya, wakaenda zao kutafuta makao mapana.

Basi wanangu, ukimwona mwenzio kajaliwa kitu, usikitamani kabla hujajua kinamfaaje.